Baraza la Mfalme na Kilabu cha Pombe: Habari za Mchekeshaji wa Karagwe

Kucheka ni jambo alilojaliwa kila mtu. Kuchekesha ni kazi ya wachache. Mtoto hucheka kabla hajajua kusema, na mzee hucheka baada ya meno kumwisha. Lakini mtu asimamaye peke yake mbele ya wenziwe, bila ngoma, bila vazi la mchezo, bila mwenzi wa kumpokea neno linapomshinda, akawafanya watu ishirini au thelathini wacheke kwa pamoja, huyo ana ufundi. Ufundi huo una historia, na katika nchi ya Karagwe historia hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Neno mchekeshaji siku hizi humkumbusha msikilizaji mtu wa runinga au wa ukumbi wa mjini, mwenye kipaza sauti mkononi na tiketi mlangoni. Anayezungumzwa hapa ni mwingine. Ni mchekeshaji wa ridhaa: mkulima, au fundi baiskeli, au mwalimu, ambaye jioni huingia kilabu cha pombe, husimama, husema, huchekesha, hupewa kata ya pombe, kisha hurudi kwake kulala. Hana mkataba, hana mshahara, wala jina lake halimo kitabuni. Mtu akimtazama upesi atasema kwamba huyo ni mlevi mwenye maneno mengi. Akimtazama kwa makini ataona mrithi wa sanaa iliyostawi mbele ya wafalme, ila amebadili bwana. Zamani msema hodari alisikilizwa na mfalme. Sasa asikilizwa na wanywaji. Mabadiliko hayo yalikuwa na faida na yalikuwa na hasara, na yafaa yote mawili yapimwe.

Nyakahanga ni kata mojawapo ya Wilaya ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera, si mbali na Kayanga, yalipo makao makuu ya wilaya. Ni nchi ya vilima na mabonde, migomba na mibuni, na maharagwe chini ya migomba. Upande wa magharibi mto Kagera hutenga Tanzania na Rwanda. Kaskazini kuna Uganda. Kyerwa nayo ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipofanywa wilaya peke yake mwaka 2012. Wenyeji wa asili ni Wanyambo, ambao kwa lugha na kwa mila ni jamaa wa karibu wa Wahaya wa Bukoba na Wanyankole wa Uganda.

Katika nchi hii mgomba ni chakula na ni kinywaji. Ziko ndizi za kupika na ziko ndizi za pombe, na mkulima hazichanganyi. Ndizi za pombe huvundikwa siku kadhaa zikaiva, humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa, na wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na majani mpaka zitoe maji. Maji yale huchujwa, huongezewa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa, na baada ya usiku mmoja au zaidi huwa pombe, ambayo wenyeji huiita amarwa. Pombe hii ina tabia moja iliyo asili ya mambo mengi: haiwekeki. Leo ni tamu, kesho ni kali, kesho kutwa yaelekea kuwa siki. Mtu aliyepika mtumbwi mzima hawezi kuinywa peke yake, wala hawezi kuifungia ghalani kama mahindi. Hana budi kuita watu. Basi palipo na pombe ya ndizi pana mkutano, na palipo na mkutano wa watu waliokaa wakingojea kibuyu kizunguke, pana masikio yasiyo na kazi. Mchekeshaji alizaliwa katika nafasi hiyo.

Lakini kusema mbele ya watu hakukuanzia kilabuni. Karagwe ilikuwa ufalme wa ukoo wa Wahinda, na makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861, walikuta baraza lenye adabu, ngoma na ala za muziki, nanga ikiwa mojawapo. Nanga ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, wenye nyuzi saba au nane, na mpigaji wake huimba habari za mashujaa na miungu huku akizigusa nyuzi hizo. Kwa Wahaya na jirani zao sanaa hiyo ilikua mpaka ikawa tendi kamili. M. M. Mulokozi aliifanyia utafiti mrefu, akaitolea tasnifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akaonyesha kwamba Afrika, ambayo baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliinyima tendi, ilikuwa nazo.

Pamoja na nanga palikuwa na sanaa ya pili, isiyohitaji uzi wala ubao, nayo ni ya kujigamba. Wanyankole huyaita majigambo hayo ebyevugo, na kutokana na neno hilo na ndugu zake wataalamu wa Kiswahili wamepata neno kivugo. H. F. Morris alichapisha kitabu juu ya majigambo ya Wahima wa Ankole mwaka 1964. Mwenye kujigamba husimama, hushika mkuki au fimbo, hujitaja kwa majina ya sifa, kisha hueleza kwa kasi kubwa, karibu bila kuvuta pumzi, vita alivyopigana na ng'ombe alioteka. Akifika mwisho wa ubeti wasikilizaji huitikia. Mahali pake palikuwa mbele ya mtawala, au katika karamu. Na hata leo katika harusi za Karagwe na Ankole husimama mtu akajigamba kwa namna hiyo, ijapokuwa mkuki umegeuka kuwa fimbo na ng'ombe wa kutekwa hawapo tena.

Yafaa umbo la sanaa hiyo litazamwe. Mtu mmoja amesimama. Wengine wamekaa na vibuyu. Asema juu ya nafsi yake mwenyewe. Asema kwa kasi, kwa kipimo, na kila baada ya maneno machache hungoja sauti ya watu. Akijibiwa, huendelea; asipojibiwa, aibu ni yake. Hilo ni umbo la mchekeshaji, hakikupungua kitu isipokuwa kicheko. Na kicheko hakiko mbali, kwa maana majigambo hukaa mpakani. Sifa ikizidi kidogo huwa uongo, na uongo ukizidi kidogo huchekesha. Anayetaka kuchekesha hana haja ya kubuni sanaa mpya; yamtosha kulipindua jigambo juu chini, akajisifu kwa yale ambayo watu huyaonea haya.

Chukua mfano uliotungwa kwa kuonyesha tu. Mtu asimama kilabuni akatangaza kwamba yeye ndiye Asiyekimbia, mwana wa Asiyekimbia. Kwamba mgambo wa kodi walipomjia mbele aliwapa mgongo ili wasije wakaogopa uso wake. Kwamba alikwenda kwa kasi, na mgambo wakamfuata nyuma kama jeshi linavyomfuata jemadari. Hakuna neno moja la kishujaa lililoachwa, wala hakuna shujaa. Kila mzee aliyepata kujificha mgombani siku za kodi ya kichwa, au za kodi ya maendeleo ambayo Serikali iliifuta mwaka 2003, hujiona mwenyewe katika picha ile, naye hucheka kwa sababu si yeye aliyeisema.

Au jigambo liwe juu ya kahawa. Katika Kagera kuna biashara iitwayo butura, yaani mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali changa mtini, kwa bei ndogo, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Serikali imeikemea mara nyingi, na shida imeirudisha mara nyingi. Msema kilabuni hana haja ya kuikemea. Hujigamba kwamba yeye ni tajiri aliyeuza kahawa ikiwa bado ua, na mwaka ujao ataiuza ikiwa bado mvua. Walio ndani hucheka, na katikati ya kicheko kila mmoja hukumbuka deni lake. Hotuba ya afisa huwaambia watu kwamba wamekosa. Mzaha huwaambia kwamba wamekosa wote pamoja na msemaji mwenyewe. Ndiyo sababu hotuba husahauliwa njiani, na mzaha hufika nyumbani.

Hapa yapasa kuuliza ni nani aliyempa mtu huyo ruhusa. Katika jumba la mfalme ruhusa ilitoka kwa mfalme. Waswahili wa pwani wanamjua Abunuwasi, aliyekuwa mshairi wa kweli katika Baghdad ya Harun al-Rashid kabla hajawa mtu wa hekaya. Na katika hekaya zote Abunuwasi humtania mfalme, humdanganya, humfunza, lakini mwisho wa yote maisha yake yamo katika kiganja cha mfalme yule yule. Shakespeare alimweka mchekeshaji kando ya Mfalme Lear amwambie kweli ambayo mabinti wawili walimficha, na hata huyo alitishwa kiboko. Mchekeshaji wa jumba hula vizuri, ila hula katika sahani ya mtu mmoja. Neno lake lina mpaka, na mpaka huo ni hasira ya mwenye sahani.

Ruhusa ya pili ni utani, nayo haitoki kwa mtu mmoja bali kwa desturi. Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ya namna hiyo mwaka 1940, na R. E. Moreau akachapisha habari za utani wa Tanganyika mwaka 1944. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari nyingi zaidi. Wote waliona jambo moja: mtani aweza kumtukana mtani wake, kumnyang'anya kofia, kumcheka hata msibani, na mtukanwa hana haki ya kukasirika, maana kesho atalipiza, na siku ya kufiwa mtani huyo huyo atakuja kusaidia kazi ya maziko. Utani ni mkopo wa maneno unaolipwa kwa maneno. Babu na mjukuu wanao, mashemeji wanao, koo na makabila yanao.

Walakini utani una ukuta wake: lazima watu wajuane. Mtu hawezi kumtania yeyote aliyemkuta. Kwa hiyo palihitajiwa mahali ambapo watu wasiojuana wangeweza kukaa pamoja na kutaniwa kwa pamoja. Mahali hapo ni kilabu.

Zamani katika nchi za Maziwa Makuu pombe ilinywewa nyumbani kwa aliyeipika, na sehemu yake ilipelekwa kwa mtawala. Utawala wa kigeni uliingiza fedha, kodi na kahawa ya kuuza, na pamoja na hayo amri za kupika na kuuza pombe za kienyeji. Baada ya uhuru ikafuata Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Polepole kibuyu kikatoka uani kikahamia nyumba ya biashara yenye leseni, mabenchi, saa ya kufungua na saa ya kufunga. Aliyekuwa mgeni wa mtu akawa mnunuzi. Wakati huo huo jumba nalo lilikuwa linaondoka. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta sheria iliyowapa machifu mamlaka, na mabaraza ya watawala yakakosa kazi. Mpiga nanga na msema majigambo wakabaki na sanaa bila bwana. Nanga ilikwenda harusini, kilabuni na redioni. Kujigamba kukawafuata watu walikokuwa, na jioni watu walikuwa kilabuni.

Hivyo kiti cha mfalme kilikaliwa na wanywaji, na wanywaji ni wafalme wagumu kuliko mfalme. Mfalme huweza kumvumilia mtu wake aliyechoka kwa sababu ya miaka aliyomtumikia. Wanywaji hawana miaka, wana jioni moja. Mfalme akichoka hutoa ishara. Wanywaji wakichoka huanza mazungumzo yao wenyewe, na hakuna adhabu iliyo kali kwa msemaji kuliko kusikia watu wakiulizana bei ya maharagwe wakati yeye yungali akisema.

Maisha ya mtu huyo yafuata kalenda ya mashamba. Miezi ya mavuno ya kahawa fedha hutembea, vilabu hujaa, na mzaha mmoja huleta kata tatu. Miezi ya njaa ya fedha wanywaji ni wachache, nao hugawana kibuyu kwa macho makali. Mtu mzima huweza kusema jioni nzima akarudi na koo kavu. Huenda kwa miguu au kwa baiskeli kutoka kilabu hadi kilabu, leo Nyakahanga, kesho kutwa Omurushaka au Kayanga, akifuata siku za gulio. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haimhusu yeye. Yeye ni lazima ajitembeze, kwa maana mzaha haurudiwi mahali pamoja. Mpiga nanga akirudia utendi ule ule watu hufurahi, kwa sababu wanaujua. Mchekeshaji akirudia mzaha ule ule watu hununa, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye maneno kumi na vilabu kumi ni tajiri, na mwenye maneno kumi na kilabu kimoja ni maskini baada ya juma moja.

Ziko na kanuni ambazo hakuna aliyeziandika. Ya kwanza ni kuanza na nafsi: anayejicheka kwanza amelipa kodi, naye aweza kuwacheka wengine. Ya pili ni kutomtaja asiyeweza kujibu, kama aliyefiwa au mwenye kilema. Ya tatu ni kumwacha mwenye kilabu, kwa kuwa ndiye ashikaye kata. Ya nne ni kujua saa. Kibuyu cha kwanza watu hawajacheka bado. Cha tatu hucheka vizuri. Kikizidi hapo hucheka kabla neno halijasemwa, na mwenye akili huondoka, kwa sababu kicheko kikiwa rahisi hivyo ngumi nayo huwa rahisi. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Aliyemtaja mume wa mtu kwa jina, au deni la mtu kwa hesabu yake, huweza kukuta njiani usiku jibu ambalo hakulipata kilabuni. Hana askari wa kumlinda, wala hana mfalme wa kusema kwamba huyu ni mtu wangu, mwacheni.

Tena ana mshindani ambaye wengi hawamfikirii. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulianza Gahini, Rwanda, si mbali na mpaka wa Karagwe, ukaenea Uganda na kuingia Kagera. Kanisa la Kilutheri lina mizizi mirefu katika eneo hili. Hospitali ya Nyakahanga ni yake. Waliookoka waliacha pombe, na walioacha pombe waliacha kilabu. Kwa hiyo kanisa na kilabu viligawana kijiji. Lakini tazama walichokifanya waliookoka walipokutana. Mtu mmoja alisimama. Wengine walikaa. Akasema juu ya nafsi yake mwenyewe, akataja aibu zake bila kuficha, uongo wake, wizi wake, ulevi wake. Na waliokaa wakamwitikia kwa wimbo. Ushuhuda na mzaha wa kilabuni ni ndugu wasiosalimiana. Kila mmoja humtaka mtu ayatoe mbele ya watu yale anayoyaficha. Mmoja huyatoa ili yasamehewe, wa pili huyatoa ili yachekwe. Kijiji kilichozoea kumsikiliza mtu akijitukuza kwa majigambo kilijifunza, katika kizazi kimoja, kumsikiliza akijishusha. Na haiwezekani kwamba masikio yaliyofunzwa upande mmoja wa barabara yalisahau funzo hilo upande wa pili.

Si Karagwe peke yake iliyopita njia hii. Uingereza, ambako sanaa ya mchekeshaji mmoja imekuwa kubwa, ilianza vivyo hivyo katika nyumba za pombe. Sheria ya Majumba ya Michezo ya mwaka 1843 ilitenga mambo mawili: nyumba zilizopewa kibali cha muziki ziliweza kuuza vinywaji ukumbini, lakini hazikuruhusiwa kuonyesha tamthilia. Mwaka 1852 Charles Morton, mwenye nyumba ya pombe ya Canterbury Arms huko Lambeth, London, alifungua ukumbi wa nyimbo ubavuni mwake. Kwa kuwa mchezo wa watu wengi ulikatazwa, mtu mmoja alisimama akaimba na kuchekesha. Mwaka 1862 vilabu vya wafanya kazi viliunda umoja wao, na baadaye vikawa shule ya wachekeshaji wengi. Maandishi ya tamthilia yalikaguliwa na afisa wa mfalme mpaka mwaka 1968. Lakini maneno ya papo kwa papo ya mtu aliyesimama kati ya bilauri yalikuwa magumu kukaguliwa, maana hayakuwa yameandikwa. Sheria iliyotaka kuwabana wenye pombe iliwapa, bila kukusudia, mtu mwenye ulimi huru.

Tanzania nayo ilijaribu kumtoa mchekeshaji kilabuni na kumpa mshahara. Redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na katika zama za Radio Tanzania vichekesho kama Pwagu na Pwaguzi vilisikika nchi nzima kwa Kiswahili. Mwaka 1962 Rais Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata. Kikundi hicho kilipokwisha, Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na wakati huo vikundi vya watu binafsi vilianza kujaza baa za Dar es Salaam. Muungano, kilichoanzishwa na Norbert Chenga mwaka 1980, kilikuwa kimojawapo kikubwa. Na mwaka 1992, mwaka wa kurudi kwa vyama vingi, ilitokea Tanzania One Theatre chini ya John Komba, iliyofungamana na Chama cha Mapinduzi. Kwa kiingilio kimoja mnywaji wa baa alipata ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo na kichekesho. Runinga ilipoingia Bara mwaka 1994 kichekesho kilihamia sebuleni, na watu kama Amri Athumani wa Tanga, maarufu kwa jina la Mzee Majuto (1948–2018), walijulikana mpaka vijiji visivyowahi kuona jukwaa.

Hayo yalikuwa maendeleo, wala hakuna sababu ya kuyadharau. Mchekeshaji aliyelipwa alipata muda wa kujifunza, na sanaa iliyodharauliwa ikapata heshima. Kwa njia hiyo Kiswahili pia kilifika kilabu cha Nyakahanga kwa mlango wa furaha: msema akaweza kuanza kwa Kinyambo, akavuka kwa Kiswahili alipotaka kumwiga afisa, dereva au mganga kutoka mbali, na mgeni aliyekaa pembeni akapata sehemu yake ya kicheko. Lakini mshahara una mkono wa pili. Mchekeshaji wa kikundi cha chama hawezi kukicheka chama. Wa kampuni ya bia hawezi kuicheka bia. Wa runinga hukumbuka mwenye tangazo. Hao ni watu wa jumba tena, na jumba limebadilika jina tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: msema aliyekwisha kupata bwana wa kumsifu hana sababu ya kuongeza ukali.

Mtu wa ridhaa hana sifa ya namna hiyo ya kumharibu. Umaskini wake ndio uhuru wake, na si vema kuupamba umaskini huo. Watoto wake hawali kicheko. Malipo yake ni pombe, na pombe ni malipo yanayomla mlipwaji. Kata ya tatu humnyang'anya ulimi ule ule uliomletea kata ya kwanza, na mwili hudai hesabu baadaye. Tena mlango wa kilabu haukuwafungukia wote sawa. Wanawake wengi waliuza pombe na kuyasikia yote, lakini desturi haikumpa mwanamke nafasi ya kusimama kati ya wanaume akajigamba. Ulimi wake wa mzaha, ambao haukuwa butu hata kidogo, ulisikika jikoni, shambani na katika shughuli za harusi. Sanaa isemwayo huru ilikuwa huru kwa nusu ya kijiji.

Na iko hasara kubwa kuliko hizo, ambayo ni ya wasomi zaidi kuliko ya wanywaji. Nanga ilipata mtafiti. Tendi zake zimeandikwa, zimefasiriwa, zinasomwa. Majigambo ya mashujaa yalipata vitabu. Utani ulipata majuzuu. Mzaha wa kilabu haukupata kitu, kwa sababu ulionekana mwepesi, nao ulitoka mahali ambapo mtu mwenye heshima hakutaka kuonekana na daftari. Mwanahistoria akitaka kujua mfalme alisema nini juu ya wageni wa mwaka 1861, ataisoma habari hiyo katika kitabu cha mgeni. Akitaka kujua mkulima wa Karagwe alionaje kuondoka kwa machifu, kodi ya kichwa, butura na mizani ya mnunuzi wa kahawa, atakuta taarifa za maafisa, na taarifa za maafisa hazicheki. Maoni ya mkulima yalisemwa, tena kwa sauti kubwa, tena mbele ya mashahidi, ila yalisemwa jioni mahali ambapo hapana aliyeandika.

Siku hizi vijana wa miji wanasimama peke yao mbele ya kipaza sauti na kuziita kazi zao kwa jina la kigeni, wakidhani mchezo huo umekuja na ndege. Na simu ya mkononi yaweza kumnasa msema wa kijijini na kumpeleka mbali kabla kibuyu hakijazunguka. Jina la mchezo hudhuru kidogo tu, simu hudhuru zaidi. Maneno yaliyosemwa kwa watu thelathini wanaojua uso wa msemaji, na wanaojua kwamba alijicheka kwanza, huwafikia watu wasiojua lolote katika hayo, na hapo mzaha hugeuka kuwa shitaka. Kunaswa si kuhifadhiwa. Anayetaka kuuhifadhi mzaha hana budi kuandika pia ni nani waliokaa, bei ya kahawa ilikuwa kiasi gani msimu ule, ni kibuyu cha ngapi, na nani alicheka mwisho.

Kazi hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote ajuaye Kinyambo na Kiswahili, mwenye subira ya kukaa jioni nyingi na kunywa kidogo. Wazee waliojifunza kujigamba kwa watu walioliona baraza la mtawala hupungua kila mwaka. Pamoja na kila mmoja wao huondoka jibu la swali moja ambalo vitabu havijalijibu: watu wa kawaida wa Karagwe, mfalme alipokwisha kuondoka na fedha ikakaa mahali pake, walicheka nini.